Katekista Aliyetaka Ziwa Letu Liwe na Siri

Katekista alikuwa anaanza kusoma kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Anakaa kwenye benchi nje ya steshenari yangu pale Buzuruga, jijini Mwanza, anaifungua riwaya nene upande wa nyuma, anasoma kurasa mbili tatu, anaitikia kwa kichwa, halafu ndipo anarudi mwanzo. Nilimuuliza raha iko wapi kama umeshajua nani kaua. Akasema, "Mwanangu, aliyeua si kitu. Mimi nataka kuona wanavyonidanganya njiani."

Riwaya zenyewe zilikuwa za aina moja. Jalada lina msalaba, au fuvu, au mlango wa kanisa la mawe huko Ulaya, na herufi za dhahabu zilizochubuka. Ndani kuna profesa anayekimbizwa, mwanamke msomi anayejua lugha zilizokufa, askofu mwenye pete kubwa asiyecheka, na karatasi ya kale ambayo ikisomwa hadharani dini nzima itaanguka. Za kwanza alizipata kwenye boksi aliloliacha mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akifundisha huku, akarudi kwao. Nyingine alizitafuta kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza turubai Nyamagana. Alizisoma kwa Kiingereza, kamusi gotini, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mke wake, enzi za uhai wake, alimwita Katekista. Alikuwa mrefu, shati limefungwa kifungo cha shingoni hata jua likiwaka namna gani, na baiskeli yake ilikuwa na kengele iliyokufa zamani. Akikaribia watu alikuwa anasema mwenyewe kwa mdomo, "Ngri, ngri, napita." Watoto wa mafundisho walimuiga. Hakukasirika.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Alinifundisha hadi kipaimara, na hadi leo nikifumba macho naisikia sauti yake akitutenganishia maneno mawili ambayo aliona watu wanayachanganya. "Fumbo ni jambo ambalo hata Papa halijui. Siri ni jambo ambalo mtu analijua, akalikalia. Kanisa lina mafumbo. Halina siri." Alikuwa anagonga meza kwa kidole kwenye neno la mwisho. Alifundisha hivyo zaidi ya miaka ishirini. Alizika watu vigangoni ambako padri hakufika, alipatanisha wanandoa waliokwisha kugawana vyombo, alisali rozari kila asubuhi kabla ya chai. Kisha anakuja kwenye benchi langu, anafungua kitabu, anasoma habari za makardinali wanaotiliana sumu.

Nilipokuwa mtu mzima na duka langu nilithubutu kumuuliza haoni kama anakula kwa mikono miwili.

"Mtu asiyeogopa majini ndiye anayezifurahia hadithi za majini," alinijibu. "Mimi nazisoma kwa amani kabisa. Najua hakuna kitu."

Siku ambayo kila kitu kilianza nilikuwa natoa kopi za vyeti vya mteja. Katekista alikifunga kitabu kwa nguvu, mpaka mteja akageuka.

"Kwa nini siri zote wanazo wao?" alisema.

"Akina nani?"

"Hawa. Kila ukifungua, siri imefichwa Roma, imefichwa Ufaransa, imefichwa jangwani kwa Wayahudi. Sisi huku hatuna hata kitu kimoja kinachostahili kufichwa? Ziwa lote hili? Mawe yote haya?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata alikuja na kaunta buku, kurasa nne za mwanzo zimejaa wino wa bluu, akaniomba nimchapie.

Nilichapa riwaya hiyo kwa karibu miaka miwili. Alikuwa analeta sura moja, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ili nitafune wakati nachapa, halafu anasimama nyuma ya kiti changu kuona maneno yake yakitokea kwenye kioo. Asili yake ilikuwa Ukerewe, na katika mwandiko wake herufi mbili zilikuwa hazijui nyumba zao: aliandika "marango" akimaanisha malango, na "kulithi" akimaanisha kurithi. Nilikuwa narekebisha bila kusema. Mara moja tu aligundua, akauliza, "Hivi ndivyo linavyoandikwa?" Nikamwambia ndivyo. Akasema, "Basi nimefundisha watoto wengi sala zenye makosa." Tulicheka wote wawili.

Hadithi ilikuwa hivi. Wakristo wa kwanza kabisa wa Misri, wakikimbia mateso, walipanda na mto Nile kuelekea kusini, kizazi baada ya kizazi, mpaka mahali mto unapoanzia. Yaani kwetu. Walikuja na waraka ulioandikwa na mwanafunzi mmoja wa mitume, waraka usiokuwamo kwenye Biblia. Waliufukia ufukweni chini ya jiwe kubwa. Wamisionari walipokuja baada ya karne nyingi, mapadri wawili waliukuta, wakausoma, wakaogopa. Wakautia katika kasha la bati, wakaurudisha chini ya jiwe lile lile, wakaunda kikundi cha kuulinda. Anayefukuzia siri hiyo ni mwanamke wa Kisukuma, mwalimu wa historia, mkali, asiyeolewa, mwenye pikipiki. Nilimpenda sana mwanamke yule.

Katekista hakuwahi kuandika waraka unasema nini. Nilimbana. Nilimwambia msomaji aliyetembea naye sura thelathini ana haki ya kujua.

"Siri ikishasemwa inakuwa tangazo," alisema. "Acha kila mtu aweke ya kwake."

Hilo ndilo lililotumaliza, ingawa wakati ule niliona ni busara ya mtunzi.

Hakuna aliyetaka kuichapisha riwaya. Mimi ndiye niliyemshauri tuiweke mtandaoni, sura moja kila Jumamosi, na kufungua grupu la wasomaji kwenye simu. Yeye simu yake ilikuwa ya tochi, hivyo nikawa msimamizi mimi. Nasema jambo hili mapema ili nisije nikaonekana nimekaa pembeni nikimtazama mtu mwingine akianguka.

Tena kuna jambo lingine. Juu ya sura ya kwanza, kwa mkono wake, Katekista aliandika: "Hadithi hii nimeibuni. Hakuna waraka, hakuna kasha." Nililifuta onyo lile. Niliona linaua ladha kabla mtu hajaonja. Nilimwambia, akakunja uso, akasema, "Si itakuwa uongo?" Nikamwambia vile vitabu vyake vya jalada la dhahabu havianzi kwa kukiri. Alifikiri kidogo, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua mambo ya siku hizi."

Mwanzoni walikuwa wasomaji wachache, watu wa parokia na wateja wangu. Kufikia sura ya kumi walikuwa wengi kiasi kwamba nilifungua grupu la pili. Watu wakaanza kutuma picha za mawe. Mwanza haina upungufu wa mawe, kila mmoja alikuwa na lake: jiwe la nyuma ya nyumba, jiwe lenye alama kama msalaba, jiwe la bibi yake. Wakajipa jina, Watafutaji. Wakapima kwenye ramani mwendo wa mashua kutoka sehemu fulani hadi nyingine kama ulivyoandikwa katika sura ya kumi na moja. Nilimsomea Katekista ujumbe wao kila Jumatatu, naye alikuwa anasikiliza akiwa amefumba macho kama mtu anayekandwa mgongo.

Alibadilika kidogo. Alianza kutembea taratibu zaidi. Watu wakimsalimia stendi alikuwa anangoja kidogo kabla ya kuitikia marahaba, kana kwamba anatoka mbali. Alipoulizwa sura ijayo ina nini alikuwa anaangalia kulia na kushoto. Mzee aliyejua kwamba hakuna kitu alianza kuonja utamu wa kuonekana anajua kitu.

Fundi redio alikuja mchana mmoja, dukani hakuna mtu. Alitoka Kisesa. Alikuwa mwembamba, mikono ina madoa ya risasi ya kulehemu, na alizungumza kwa adabu sana. Alisema, "Dada, samahani, naomba nionane na mtunzi. Nina swali moja tu." Katekista alikuwa benchini, kitabu mkononi. Nikamwonyesha.

"Shikamoo, Baba Katekista."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisimama, kofia mkononi. Alisema alikuwa na mtoto wa kiume aliyeugua damu. Walimhangaikia hospitali, na yeye alisali. Alisali novena tatu mfululizo, kila moja siku tisa, akafunga, hakuruka hata siku moja. Mtoto akafa.

"Nimekaa na jambo hili," alisema. "Nilifanya kila nilichofundishwa. Halafu nikasoma hadithi yako, kwamba kuna maneno tuliyofichwa. Nikajiuliza, labda tulifundishwa sala pungufu. Labda kuna kipande walikikalia. Naomba uniambie tu, Baba. Ni kweli?"

Hapo ndipo ambapo mtu aliyefundisha kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba Kanisa halina siri angesema neno moja na kumaliza. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona pia akiutazama uso wa yule fundi, uso uliomtazama kama hakuna mtu aliyewahi kumtazama, hata mtoto wa komunyo ya kwanza. Katekista alitabasamu.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" alisema.

Fundi redio aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Akasema, "Nimekuelewa, Baba." Akainama, akaondoka. Nami nilirudi kwenye mashine yangu. Nilikuwa na harusi ya mtu ya kuchapia kadi.

Lile jiwe la sura ya kumi na moja lilikuwepo kweli. Katekista aliazima mahali alipopajua ujanani mwake, ufukwe wenye magofu ya nyumba ya wamisionari na makaburi machache, akabadilisha jina tu. Hakuwa na ustadi wa kubuni mandhari, alikuwa na kumbukumbu. Watafutaji walipalinganisha na maelezo, wakapapata. Walienda watatu, Jumamosi mchana, baada ya mvua za wiki nzima. Walichimba upande wa chini, upande wa ziwa, kama mwalimu wa historia alivyofanya kwenye hadithi. Udongo ulikuwa umelowa. Jiwe halikubingirika, walivyosimulia wawili waliopona. Lilikaa tu, kama ng'ombe anapolala. Fundi redio alikuwa chini yake hadi kifuani.

Mimi ndiye niliyempelekea Katekista habari. Alikuwa anafundisha, watoto wamekaa kwenye mabenchi nje ya kanisa. Nilimwita pembeni. Aliposikia aliuliza swali moja, "Yule mwenye kofia?" Nikasema ndiye. Akarudi mbele ya watoto, akasimama. Wakamngoja. Akasimama mpaka mmoja wao akaanza kulia kwa woga, ndipo nikawaambia waende nyumbani.

Siku ile ile alinitaka niandike kwenye grupu kwamba yote ni ya kubuni. Niliandika. Nikaongeza kwamba onyo lilikuwepo tangu mwanzo na mimi ndiye niliyelifuta. Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaiweka simu mezani: "Wamewafikia."

Hilo ndilo nililojifunza kuhusu hadithi za aina ile, na nimelijifunza kwa kuchelewa. Zina mlango wa kuingilia tu. Ndani yake kila anayekanusha ni mmoja wa wanaoficha. Katekista alizisoma miaka yote hiyo na hakuona, kwa sababu alikuwa anaanza mwisho, ambako profesa anapatia na askofu anaaibika.

Alirekodi sauti yake kwenye simu yangu. "Mimi ndiye mtunzi. Nimebuni. Namwomba Mungu anisamehe." Wakaisikiliza, wakaibishania. Mmoja akasema sauti inatetemeka, kuna mtu amesimama karibu naye. Ni kweli kulikuwa na mtu karibu naye, mimi. Mwingine akasema, "Katekista yuko chini ya Kanisa, mlitaka aseme nini?" Paroko, ambaye ni mtu mpole na hakumlaumu hata kidogo, alimwambia apumzike kwanza kufundisha, akae nyumbani. Wakasema amesimamishwa kwa kutoa siri. Alisimama siku ya Dominika baada ya matangazo akakiri mbele ya waumini. Kuna aliyemrekodi, na walipoisambaza video wakazungushia duara jekundu mkono wake wa kushoto, wakidai vidole vinatoa ishara. Ulikuwa mkono wenye baridi yabisi.

Mwisho alizichoma zile kaunta buku zote uani kwake. Jirani alipiga picha ya moshi. Nadhani naweza kuacha kueleza walisema nini.

Kule kwenye jiwe, serikali ya kijiji iliweka watu wa kulinda ili mwingine asichimbe. Walinzi wale wakawa uthibitisho mkubwa kuliko yote. Watu wanalinda nini kama hakuna kitu?

Kwa karibu mwaka mmoja Katekista hakuja benchini. Nilikuwa nampelekea mkate na sukari, namkuta amekaa sebuleni, mikono mapajani. Hakuwa amepagawa, hapana, alikuwa na akili zake zote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ananiuliza habari za watu kwa majina. Mara moja aliniambia, "Nilimjibu kwa swali. Mtu ameniuliza kwa ajili ya mtoto wake aliyekufa, nikamjibu kwa swali, ili nionekane mkubwa." Nilimwambia hata mimi nilikuwepo. Akasema, "Wewe hukuulizwa."

Alijua kitu kimoja kilichobaki: kwenda kwa mjane wa fundi redio. Alikwisha kujaribu mara mbili peke yake. Mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili alifika hadi kwenye ua akasikia watu ndani, akarudi. Mara ya tatu aliniomba nimsindikize. "Nataka kumwambia kwa kinywa changu kwamba nilimdanganya mume wake. Akinipiga, anipige. Akiniapiza, nitakuwa nimesikia neno la kweli kutoka kwa mtu mmoja."

Tulikwenda Kisesa asubuhi. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, na kibanda cha ufundi mbele kimefungwa, waya wa antena bado unaning'inia. Mjane alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alimpa Katekista shikamoo, akatuletea viti, akamwita binti yake wa miaka kama kumi na mbili aje asalimie, kisha hakumwambia aondoke. Binti alibaki amesimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Katekista alikuwa amejiandaa. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza. Alianza, "Mwanangu, nimekuja kusema jambo kuhusu marehemu."

"Hata mimi nilikuwa nakungoja, Baba," mjane alisema. "Ni vizuri umekuja wewe. Wengine wote wanasema yao."

"Nisikilize kwanza."

"Naomba nianze mimi, kwa sababu nikikusikiliza wewe kwanza nitashindwa." Aliweka mkono nyuma akamshika binti kifundo cha mkono. "Huyu shuleni wanamwimbia. Wanamwambia baba yake alikufa akifukuza hadithi. Shemeji zangu wananiambia niliolewa na mwehu. Mimi nililala na yule mtu miaka kumi na minne, Baba, hakuwa mwehu. Baada ya mtoto kufa hakutamka neno katika nyumba hii miezi minne. Alipoanza kusoma ile habari ndipo akaanza tena kula na kuzungumza na sisi. Siku anaondoka alikuwa anapiga mluzi." Akamvuta binti karibu. "Watu wa simu wanasema ni kweli. Watu wa kanisani wanasema ni uongo. Wewe ndiye uliyeandika. Mwambie huyu mtoto, mimi nikisikia. Lile kasha lilikuwepo au halikuwepo?"

Nilimtazama Katekista. Nilijua jibu lake, tulisafiri nalo njia nzima. Alimtazama mjane, kisha binti. Binti hakuwa analia. Alikuwa ametazama chini, kidole gumba cha mguu kinachora sakafuni, mabega yamepanda juu kama mtu anayesubiri kiboko.

Nje kuna mtu alipita na toroli la maji.

"Lilikuwepo," Katekista alisema.

Mjane aliachia pumzi.

"Na yeye alikuwa amefika?"

"Alikuwa amefika. Alibakiza kidogo sana. Hakuna aliyewahi kusogea karibu kuliko yeye."

"Na sala aliyokuwa anaitafuta? Ilikuwamo?"

Hapo nilimwona akisita, na nilidhani atarudi nyuma. Hii ya mwisho haikuwa kasha wala jiwe. Huyu mtu alizika watoto wa watu akisoma sala zile zile, akiwaambia wazazi hakuna kilichopungua.

"Ilikuwamo, mwanangu," alisema. "Baba yako alikuwa na akili kuliko sisi sote." Maneno ya mwisho alimwambia binti.

Binti aliinua uso. Sijaona tena uso unaobadilika namna ile, na nisingependa kuuona tena. Mjane alilia kwa raha, kilio cha mtu aliyetua mzigo, akapiga magoti mbele ya Katekista akamshika mikono, akamshukuru. Alimshukuru mara nyingi. Alitulazimisha tunywe uji.

Tulipokuwa barabarani tunasubiri gari, binti alikuja mbio nyuma yetu na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Mama amesema ni la baba," alisema, akihema. "Alichora humo. Amesema babu ulichukue, umalizie pale baba alipoishia." Katekista alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mwambie mama nimepokea." Binti akarudi akirukaruka.

Alikaa juu ya ukingo wa mtaro, daftari mapajani, hakulifungua. Nilikaa kando yake. Malori yalikuwa yanapita kuelekea Musoma. Nilitafuta cha kusema, nikasema kile ambacho yeye mwenyewe angemwambia mtu mwingine: Jumamosi padri anakaa kitubioni, nitakupeleka, utaungama, utapokea komunyo, utapumzika.

"Kuungama kuna kurekebisha," alisema. "Umesahau? Nilikufundisha. Ukiiba unarudisha. Ukidanganya unakwenda kusema kweli. Padri ataniambia, rudi Kisesa ukamwambie yule mama kweli."

"Basi tutarudi, taratibu, siku nyingine."

"Sitarudi," alisema. "Umemwona yule mtoto alivyokimbia?"

Gari lilipokuja lilikuwa na nafasi moja mbele na moja nyuma. Nilimpandisha mbele. Sikuona uso wake hadi Buzuruga.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Bado tunasali parokia moja. Amerudi kanisani kila Dominika, shati limefungwa kifungo cha shingoni, anaimba, anapiga magoti, anajua majibu yote. Ikifika komunyo, watu wa benchi lake wanainuka kwenda mbele, naye anageuza magoti upande mmoja ili wapate nafasi ya kupita.